Ajali Ina Kinga

Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora huko Ukerewe, katika Ziwa Victoria, kiliondoka na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, pamoja na mahindi, ndizi na saruji, kikaelekea kisiwa cha Ukara. Kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika gatini. Walikufa watu zaidi ya 220, wakaokolewa 41. Miili ilikuwa bado inaopolewa ziwani pale maneno tuliyoyazoea yalipoanza kusikika: ajali haina kinga, siku zao zilikuwa zimefika, kilichopangwa hakipanguliki.

Maneno hayo nayapinga yote. Mfiwa akiyasema kwa kujituliza sina neno naye. Uchungu una haki zake. Ninaowakabili ni sisi wengine, tunaoyasema kana kwamba ni maelezo ya kilichotokea. Hayaelezi chochote. Ni fikra mbovu, dini haiziungi mkono, na zinaua watu.

Jambo likishatokea haliwezi tena kuwa halikutokea. Hilo ni kweli na hakuna anayelibisha. Tatizo ni kwamba kutoka hapo watu huruka mbali: kwa kuwa leo haliwezi kufutwa, basi na jana halikuweza kuzuiwa. Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle aliushughulikia mruko wa namna hiyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwa mfano wa vita vya baharini. Kesho ama vita vitapiganwa ama havitapiganwa. Ni lazima moja kati ya hayo mawili liwe. Lakini hilo halikufanyi kupigana kwenyewe kuwa lazima, wala kutopigana. Tena, kila kitu kingekuwa lazima, watu wasingekuwa na sababu ya kukaa kushauriana wala kujisumbua kwa lolote.

Baada yake Wagiriki walijadiliana sana juu ya hoja iliyoitwa hoja ya mvivu. Mgonjwa anaambiwa: kama umeandikiwa kupona utapona, umwite tabibu usimwite, kama umeandikiwa kufa utakufa, umwite usimwite, sasa tabibu wa nini? Chrysippus, mkuu wa shule ya Wastoa, aliikataa hoja hiyo. Kama kupona kumepangwa, basi na kumwita tabibu kumepangwa pamoja nako. Hakuna aliyeandikiwa kupona kwa tiba bila mtu wa kumtibu. Na huyu hakuwa mtu wa kubeza majaaliwa. Aliyaamini kuliko wengi wetu, akashikilia kwamba kila jambo limepangwa, na bado hakukubali majaaliwa yageuzwe ruhusa ya kukaa tu.

Hata Wazande wa Sudan Kusini na Kongo, aliowaandika mwanaanthropolojia Evans-Pritchard katika kitabu chake cha mwaka 1937, wangetushangaa. Ghala la nafaka likiwaangukia watu waliokaa kivulini chini yake, Wazande walisema ni uchawi. Lakini walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Uchawi kwao ulijibu swali jingine: kwa nini lianguke saa ileile, juu ya watu walewale? Walikuwa na maswali mawili na hawakuyachanganya. Sisi tunalijibu hilo la pili, kwamba ni siku zao, kisha tunajifanya tumelijibu na la kwanza. Mchwa wetu hatuwataji.

Basi tuwataje. Kila chombo kina kitovu cha uzito. Watu na mizigo wakijazana juu sitahani, kitovu hicho hupanda. Chombo kikiinama, maji huusukuma juu upande uliozama na kukirudisha wima. Lakini kitovu kikishapanda mno, nguvu ya kukirudisha hupungua, na mwisho hugeuka kabisa, uzito ukawa ndio unaokilaza zaidi. Hapo hakihitaji dhoruba. Watu wakisogea hatua chache upande mmoja kwa sababu gati linaonekana na kila mtu anataka kuwahi kushuka, magunia yasiyofungwa yakateleza pamoja nao, inatosha. Haya hufundishwa mabaharia, nayo ndiyo sababu chombo huandikiwa idadi ya abiria. Ile 101 haikutoka hewani. Ni jibu la swali la "itakuwaje kama," lililoulizwa na kujibiwa miaka mingi kabla ya Alhamisi ile.

Mwaka 1748 mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliandika kwamba sababu ni kitu ambacho kama kisingalikuwapo, tokeo lake nalo lisingalikuwapo. Hakuendelea sana na wazo hilo. Aliyelijengea nyumba ni Mmarekani David Lewis, mwaka 1973. Ukitaka kujua kama jambo hili lilisababisha lile, alisema Lewis, chukua ulimwengu unaofanana na wetu kadiri inavyowezekana, ondoa jambo hilo moja, kisha tazama kama lile jingine bado linatokea.

Tufanye hivyo. Usibadili ziwa. Usibadili upepo, injini wala nahodha. Badili kitu kimoja: pale Bugolora, langoni mwa kivuko, amesimama mtu mwenye daftari, na abiria wa 101 akishapita anafunga mnyororo. Wengine wanabaki gatini na magunia yao. Wananung'unika, wanamtukana, wanatafuta kivuli wasubiri safari ya pili. Kivuko kinafika Ukara, watu wanashuka, wanakwenda kupika. Ulimwengu huo hauko mbali. Kati yake na huu wetu kuna mtu mmoja na mnyororo mmoja, na anayesema vifo vile vilikuwa lazima anasema ulimwengu huo hauwezekani. Hawezi kutuonyesha ni kitu gani kinauzuia.

Na kama bado anashikilia kwamba siku ya mtu ikifika imefika, atueleze habari ya hewa. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, tumbo lake lilibaki juu ya maji, na waliokwama ndani walisikika wakigonga. Likatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeshikilia meli ikatoka kwenye tundu lile, na meli ikazama nao. Miaka 22 baadaye, katika ziwa hilohilo, fundi mitambo wa MV Nyerere alikaa siku mbili ndani ya kivuko kilichopinduka, mahali palipobaki na hewa, mpaka wazamiaji wakaingia kwa chini na kumtoa akiwa hai. Watu wakasema siku yake haikuwa imefika. Mimi nasema wazamiaji ndio waliofika. Wangefunga kazi Ijumaa jioni kwa imani kwamba waliobaki ndani muda wao umekwisha, tungemzika fundi yule na wenzake, na tungesema siku yake imefika. Usemi ulio tayari kwa lolote litakalotokea hauelezi chochote kilichotokea.

Najua nitakachojibiwa: huku ni kukosa imani. Wanaosema hivyo wamsome Umar bin Khattab. Alikuwa njiani kwenda Sham na watu wake. Alipofika mahali paitwapo Sargh akaambiwa tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, wakatofautiana, akaamua kurudi. Swahaba mwenzake, Abu Ubaida, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alikubali kwamba anaikimbia, lakini akaongeza kwamba anaikimbilia kadari yake vilevile, akampa mfano wa mchungaji wa ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, moja ya majani na nyingine kavu: popote atakapolisha, atalisha kwa kadari. Huyo ni khalifa, swahaba wa Mtume, na hakuona kuwa kugeuza msafara ni upungufu wa imani. Abu Ubaida alibaki Sham, na tauni ile ikamuua.

Wapo pia wanaoitaja hadithi inayokataza kusema "lau ningefanya kadha," kwamba neno hilo hufungua kazi ya shetani. Ni hadithi sahihi, na naiheshimu. Lakini hunukuliwa nusu. Mwanzo wake unamwamrisha mtu apupie lenye kumfaa, aombe msaada wa Mungu na asilegee. Katazo linakuja baada ya amri hiyo, na linamhusu mtu anayejitafuna kwa yaliyopita, si anayechunguza ili wengine wasife. Mkristo naye anakumbuka kisa cha Yesu juu ya kinara cha hekalu, na jibu alilopewa yule aliyemshawishi ajirushe ili malaika wamdake. Kupakia mara mbili ya kiwango na kumwachia Mungu ni kujirusha, tofauti ni kwamba wanaorushwa ni watu wengine.

Hapa pana jambo zito, na linanigusa zaidi ya mengine yote. Mama aliyemtuma mwanawe gulioni asubuhi ile anajiambia: nisingemtuma angekuwa hai. Kwa kipimo cha Hume anasema kweli. Je, yeye ndiye sababu? Wanasheria wawili wa Uingereza, Hart na Honoré, walilijibu swali la aina hii katika kitabu chao cha mwaka 1959 kuhusu sababu katika sheria. Nyumba haiungui pasipo hewa ya oksijeni, lakini hakuna hakimu anayesema oksijeni ndiyo iliyochoma nyumba. Tunamtafuta aliyewasha kiberiti, yule aliyetoka nje ya mwendo wa kawaida. Kumtuma mtoto gulioni ni oksijeni. Mama huyo hana deni la mtu yeyote.

Ila mtu anaweza kuuliza: na kuzidisha abiria je, si kawaida pia? Ndiyo, kulikuwa kawaida, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipojificha. Kila safari iliyofika salama na mzigo uliozidi ilizidi kuifanya ile namba ionekane pambo la karatasini, mpaka sababu ya vifo ikageuka kuwa desturi ambayo hakuna tena aliyeiona. Kwa hiyo kawaida tunayoipimia haiwezi kuwa kile kinachofanyika mara nyingi. Ni kile kilichopaswa kufanyika, na mwenye wajibu wa kukifanya anajulikana.

Angalieni jinsi tunavyochagua. Duka likivunjwa usiku, hakuna anayemwambia mwenye duka kwamba mali yake ilikuwa imeandikiwa kuibiwa. Tunakwenda polisi, tunauliza mlinzi alikuwa wapi, tunabadili kufuli. Fikra za sababu tunazo, tena kali. Tunazitumia kwa mabati na simu, kisha tunaziweka kando anapokufa mtu.

Matokeo yake yako wazi. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, watu 272. MV Bukoba, 1996, mamia. MV Spice Islander, kati ya Unguja na Pemba, 10 Septemba 2011, mamia tena. MV Nyerere, 2018. Vyombo vyote vinne vilikuwa vimepakia kupita kiwango. Kwingine swali liliulizwa. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912 ilikuwa na boti za kuokolea watu wasiofika 1,200, na ndani walikuwamo zaidi ya 2,200. Watu wakauliza ingekuwaje kama boti zingetosha, na mwaka 1914 mataifa yakatia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Sheria ile ilizaliwa na swali lilelile tunaloambiwa msibani tusiliulize.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa mashehe, mapadri na wachungaji, kwa kuwa ninyi ndio mnaopewa kipaza sauti siku ya maziko, na watu wanawasikiliza kuliko wanavyomsikiliza mbunge wao. Waombeeni marehemu. Wafarijini waliobaki kwa maneno yote ya imani mliyonayo. Kisha, kabla hamjashuka, mbele ya mkuu wa wilaya na mbele ya mwenye chombo, ulizeni kwa sauti: kiliruhusiwa kubeba wangapi, kilibeba wangapi, na nani alikuwa na kazi ya kuwahesabu?