Msindikize Hadi Mlangoni

Karibu kila ukoo hapa Kenya una mtu wake. Ni mjomba anayeletwa na bodaboda usiku wa manane. Ni dada mwenye kazi nzuri mjini, ambaye hakuna anayejua kwamba ana mzinga kabatini. Ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, akakosa kazi, sasa analala penye chang'aa. Tumewafanyia vikao. Tumewaombea, tumewafokea, tumewashikia mishahara, tumewaapisha mbele ya wazee. Baada ya muda wakarudi kilabuni, nasi tukasema hawataki kubadilika. Leo naomba tujaribu jambo jingine: mpeleke mtu wako akakae na watu waliokunywa kama yeye, kisha wakaacha.

Mwaka 1935, dalali wa hisa kutoka New York aitwaye Bill Wilson alikuwa amekwama hotelini mjini Akron, Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, na baa ya hoteli ilikuwa pale pale inamwita. Akachukua simu, akaanza kuwapigia watu wa makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa amezama kwenye pombe kwa miaka mingi. Daktari alikusudia kumpa dakika 15. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Tarehe 10 Juni mwaka huo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku Bob alipokunywa mara ya mwisho, na pia siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, yaani AA. Bill hakutafuta mtu wa kumhubiria wala wa kumhurumia. Alimtafuta mwenzake.

Vikundi vya AA vipo hapa Kenya, na mara nyingi hukutana katika vyumba vya kuazima, kama ukumbi wa kanisa au chumba cha hospitali. Ukiingia utakuta viti, chai, na watu ambao ungewapita barabarani bila kuwashuku. Mmoja anasema, "Naitwa fulani, mimi ni mlevi," wenzake wanamkaribisha, naye anasimulia: jinsi alivyokuwa akiamka alfajiri mikono ikitetemeka, akitafuta ya kutoa loki kabla hata ya kunawa uso, jinsi alivyokunywa karo ya mtoto. Hakuna anayemkatiza wala kumkemea. Na yule mgeni aliyekaa karibu na mlango, kofia imefunika macho, anasikia siri yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa mtu aliyevaa tai. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye dawa. Aibu aliyoibeba peke yake inapata wenyewe wengi.

Hakuna ada. Kikapu hupitishwa kwa mchango wa hiari, na mgeni halazimiki kutoa wala kusema neno. Sharti la uanachama ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Yanayosemwa humo hubaki humo. Mungu hutajwa, lakini kila mtu humwelewa kwa imani yake. Ipo mikutano ya wazi ambayo hata jamaa wanaweza kuingia, na ipo ya walevi peke yao. Uliza kabla ya kwenda. Familia nazo zina kikundi chao, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951, maana mke wa mlevi naye huchoka, akahitaji wa kumsikiliza.

Wanaodhani haya ni maneno matupu wajue kwamba mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Waliosaidiwa kitaalamu kujiunga na AA walidumu bila pombe sawa na waliopewa matibabu mengine, na mara nyingi kuwazidi.

Tahadhari moja usiipuuze: anayekunywa sana kila siku asikatishwe pombe ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege, akachanganyikiwa, hata akafa. Aanzie hospitali, kisha kikundi kimpokee.

Usimtume peke yake. Vaa viatu, mwende pamoja, mngoje nje ikibidi. Kikundi cha kwanza kisipomkaa, jaribuni kingine. Akiteleza akanywa, mrudishe wiki ileile bila kesi. Wenzake watamkaribisha kwa sababu wengi wao waliteleza pia.

Nanyi wazee wa kanisa, wasimamizi wa misikiti, walimu wakuu: mna vyumba vinavyokaa vitupu jioni nzima. Toeni kimoja, saa moja kwa wiki, na msiulize majina. Na wewe uliyeacha pombe miaka iliyopita ukanyamaza, kijijini kwako huenda hakuna kikundi kwa sababu wewe hujakianzisha. Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe wanatosha kuwa kikundi. Kutaneni kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote mnayolilia.

Kama hujui pa kuanzia, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina namba ya bure, 1192, ya kuomba ushauri na kuelekezwa penye msaada. Piga leo, mtu wako akiwa bado hajatoka kwenda kunywa.