Kuitetea "Shuga"

Nimeisoma hoja ya bwana anayedai kwamba "Shuga", tamthilia ya MTV iliyopigwa Nairobi mwaka 2009, inawafundisha shababi ulevi na uasherati, nami namjibu kwa insafu, ila bila kumwonea haya: ameyatazama mabilauri mezani, hakuwatazama wanaoyainua. Ayira, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o kabla dunia haijamjua, ni binti mwanafunzi ambaye, kwa ghururi ya kupanda upesi, anaingia katika mapenzi na mtu mzima mwenye wadhifa, ilhali UKIMWI unavinjari katika nyumba zilezile za starehe. Nasi tunaachiwa kuhukumu wenyewe, jambo linalowaudhi wanaotaka kila kisa kihitimishwe kwa hutuba.

Hapa Mvumi, Kilosa, kigodoro, yaani muziki wa kukesha, kinapopigwa usiku wa kuamkia harusi, spika zikitetemesha mabati, watoto wa shule hucheza hadi alfajiri, na wazazi aghalabu hujifanya wamelala. Ni filamu gani iliyowafundisha hao? Basi bwana huyo, badala ya kutaka "Shuga" ifungiwe, na aje aitazame na watoto hao katika banda la video, kisha abaki kuyajibu maswali yao.