Mng'aro wa kiti si uzima wake
Katika yadi za magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam, wateja wengi hutazama viti kabla ya kuuliza habari za injini. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana dawa za kung'arisha zinatoka sana. Kwa maoni yetu, hapo fedha nyingi zinapotea.

Vinili ni plastiki iliyolainishwa kwa kemikali. Ukiifuta kwa petroli au thina, kilainishi hicho hutoka. Kiti hukauka, kisha hupasuka. Ngozi ya magari mengi ya kisasa nayo imepakwa rangi na tabaka la plastiki juu yake. Mafuta unayopaka hayapenyi, hubaki juu yakinasa vumbi.

Ushauri wetu ni huu. Anza na sabuni laini na kitambaa cheupe chenye unyevu, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Rangi ikihamia kitambaani, acha. Kiti kikishakauka, paka kinga iliyotengenezwa kwa maji, isiyong'aa, yenye kuzuia miale ya jua. Dawa ya silikoni usiipake kwenye usukani wala pedali. Mguu ukiteleza, hasara yake haina bei. Na kinga rahisi kuliko zote ni kuegesha gari kivulini.

Mnunuzi, kiti kinachong'aa kupita kiasi kifute kwanza, utazame nyufa, ndipo utaje bei. Nawe mwenye duka, uza kisafishio kabla ya king'arishi. Mteja aliyedanganywa na mng'aro harudi.