Inchi Pekee Haziuzi Rimu: Chukua Vipimo Kabla Hujapokea Hela

Wauzaji wenzangu, leo naongea na kila anayeuza kitu ambacho lazima kiingie mahali: rimu, tairi, kiatu, kava ya simu, pazia. Naanza na rimu kwa sababu ndizo ninazouza, na kwa sababu rimu ikikosewa haiishii kwenye aibu tu, inaweza kuua mtu.

Msimamo wangu ni huu. Muuzaji anayepost "inchi 18, zinaingia gari zote, wahi" anajiuzia kesi. Na yule anayeandika "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" bila kumuuliza mteja kipimo hata kimoja, anamdhulumu. Najua wengine mtanuna. Nisomeni kwanza.

Wateja wengi wa rimu wananitumia picha za zile gari za zamani za Kimarekani: Mustang ya 1969, Camaro, Charger. Gari za misuli, wenyewe huko wanaziita hivyo kwa sababu ya ukubwa wa injini. Kwenye picha imekaa chini, rimu kubwa za kisasa, tairi jembamba ubavuni. Mteja anaandika tu "nataka muonekano huu". Sawa, lakini hebu tuangalie huko Marekani wanafikaje kwenye muonekano huo.

Camaro ya 1969 ya kawaida ilitoka kiwandani na rimu za inchi 14. Ile ya mbio, Z/28, ilikuwa na inchi 15. Leo wenye gari hizo wanapanda mpaka 17 au 18. Wengi wanafuata urembo, lakini ziko sababu za maana pia. Matairi mazuri ya inchi 14 na 15 yamebaki ya aina chache, wakati ya 17 na 18 yako mengi na yanashika barabara vizuri. Halafu rimu kubwa inaacha nafasi ya kufunga diski kubwa za breki. Gari yenye injini ya nguvu na breki za ngoma za zamani, ukiibadilishia breki umeokoa watu.

Kwa hiyo sipingi rimu kubwa. Napinga kuuza rimu kubwa kwa macho.

Kitu cha kwanza ni matundu ya nati. Mustang ya V8 ina matundu 5 kwenye duara la inchi 4.5. Zidisha kwa 25.4 unapata milimita 114.3. Umeshaiona hiyo namba? Ndiyo ile ile 5x114.3 ya Crown, Mark X na X-Trail tunazouzia hapa kwetu kila siku. Namba ina nusu nusu kwa sababu imetoka kwenye inchi.

Camaro yenyewe ni inchi 4.75, yaani 120.65. Rimu nyingi za BMW ni 5x120. Tofauti ni milimita 0.65 tu, na hapo ndipo muuzaji mjanja anasema "ingiza tu, inakubali". Inaingia kweli, lakini nati haikai katikati. Stadi zinavutwa pembeni, gari inatetemeka, na siku moja ukiwa kwenye mwendo stadi zinakatika. Nusu milimita hiyo jicho halioni, lakini chuma kinaihisi.

Pia hata jina la gari halikupi jibu. Mustang za mwanzo zenye injini ya silinda 6 zilikuwa na matundu 4, siyo 5. Mtu akikwambia "mi nina Mustang ya 1965" hajakwambia kitu bado. Kwetu ni hivyo hivyo: Forester za zamani ni 5x100, mpya ni 5x114.3. Jina moja, rimu mbili tofauti.

Kitu cha pili ni ofseti, ile namba yenye herufi ET. Hii ndiyo inayowaliza wengi. Ofseti inaonyesha sehemu inayogusa habu iko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Namba ikiwa kubwa, rimu inazama ndani ya gari. Ikiwa ndogo, inatoka nje.

Chukua Mustang ya kisasa, za kuanzia 2005. Matundu yake ni 5x114.3, sawa kabisa na babu yake wa 1969. Kampuni moja, jina moja, matundu yale yale. Muuzaji asiyejua atasema zinaingiliana. Lakini rimu za hiyo mpya zina ET ya zaidi ya 40, na ile ya zamani inataka ofseti ndogo, karibu na sifuri. Tuseme ya zamani ni upana wa inchi 7 na ET 0, unamletea ya inchi 8 yenye ET 40. Ukingo wa ndani unasogea milimita 40 za ofseti, ongeza karibu 13 za nusu ya upana uliozidi. Jumla ni sentimita 5 na kidogo kuelekea ndani. Hizo sentimita 5 unazitoa wapi? Nyuma kuna springi za mabati, mbele kuna mikono ya saspensheni na usukani unaokata kona. Rimu imefungwa, nati zimekaza, na gari haitembei.

Kitu cha tatu ni tundu la katikati. Rimu nyingi za Toyota za 5x114.3 zina tundu la milimita 60.1. Habu ya Mustang ni nene zaidi, imezidi 70, kwa hiyo haiingii hata kama 114.3 zimelingana. Tundu likiwa kubwa kuliko habu una njia, unaweka pete ya kujazia. Likiwa dogo, hakuna cha kujadili na fundi.

Kitu cha nne ni kimo cha tairi zima. Kanuni wanayoifuata wenye gari hizi ni kwamba rimu ikipanda, ubavu wa tairi ushuke, ili kimo cha jumla kibaki karibu na cha mwanzo. Piga hesabu na mimi. Tairi la 225/70R14: 225 mara 0.70, mara 2, ni 315. Ongeza rimu, inchi 14 ni milimita 355.6. Jumla 670.6. Sasa 245/45R18: ubavu mara mbili ni 220.5, rimu 457.2, jumla 677.7. Tofauti milimita 7 tu, asilimia 1. Hapo mteja hapati shida.

Lakini muuzaji mwenye tairi la 245/55R18 stoo, anayetaka liondoke, atasema "inchi 18 ni inchi 18". Hilo kimo chake ni 726.7. Limezidi sentimita 5 na nusu. Litakwaruza fenda kwenye kona, na dashibodi itamdanganya dereva: ikisoma 80, yeye yuko karibu 87. Huyo ni mteja wako, anafukuzwa na trafiki kwa sababu yako.

Najua kuna mtu anasema, "Boss, haya ni mambo ya fundi. Mteja ni mfalme, akitaka inchi 20 mpe." Nakubali mteja achague anachotaka. Lakini mfalme naye anavaa kiatu cha saizi yake. Na fundi anakutana na mzigo wakati hela imeshalipwa na mzigo umeshasafiri. Wewe ndiye wa kwanza kuongea na mteja, na ndiye pekee unayeongea naye kabla hajatoa hela.

Mwingine anasema ukiuliza maswali mengi mteja anakimbilia kwa jirani. Kweli, wapo watakaokimbia. Ila piga hesabu ya mmoja tu aliyekosewa. Rimu nne umezituma mkoani kwa basi, haziingii. Nani analipa kuzirudisha? Rimu zimeshafungwa tairi, zina mikwaruzo ya mashine, nani atazinunua kwa bei ya mwanzo? Wauzaji wengi wa huko Marekani wanakataa kupokea rimu iliyokwishafungwa tairi, na wanasema mapema: jaribisha rimu tupu kwenye gari kwanza. Wanaweza kusimamia neno lao kwa sababu walishamtaka mteja apime nafasi ndani ya fenda kabla hajalipa. Hiyo ndiyo haki. "Hairudishwi" ni sahihi kama uliuliza, mteja akajibu, na mmekubaliana kwa maandishi. Kama hukuuliza, kosa la kipimo ni lako na mzigo upokee.

Mimi nimeishia form four, sijasoma uinjinia. Haya yote yanapimika kwa rula, futi na simu yenye kikokotoo. Kwa hiyo usiniambie hujasoma.

Chukua ujumbe huu, uhifadhi kwenye simu, umtumie kila anayeulizia rimu kabla hujataja bei:

1. Gari ni ipi, mwaka gani, injini gani? Tuma picha ya rimu iliyopo sasa, mbele na nyuma.
2. Soma namba zilizoandikwa mgongoni mwa rimu: upana, matundu, ET.
3. Soma namba zote za tairi lililopo, pamoja na ile ya uzito. Mfano 94 maana yake tairi moja linabeba kilo 670. Usimuuzie la kubeba kidogo kuliko linalotakiwa na gari.
4. Kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Kutoka tairi mpaka kitu cha karibu ndani ni sentimita ngapi? Mpaka fenda je?
5. Nati zako zina mdomo wa koni, wa mviringo, au bapa zenye washa? Nati isiyofanana na rimu inalegea.

Na wewe muuzaji, upande wako, kila posti ya rimu iwe na upana, matundu, ET na tundu la katikati. Kila posti ya tairi iwe na picha ya zile tarakimu nne za tarehe. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukificha hiyo namba, anayejua anajua kwa nini umeificha.

Wewe wa viatu, pima unyayo kwa sentimita, usiuze "saizi 40" peke yake. Wewe wa mapazia, taka upana wa dirisha kwanza. Wewe wa kava, uliza jina kamili la simu. Kazi ni ile ile.

Biashara yetu ya mtandaoni ina shida moja kubwa: mteja anatulipa kabla hajashika kitu. Ameweka imani. Kila rimu isiyoingia inampunguzia imani hata kwa muuzaji ambaye hajawahi kumjua, mimi na wewe tukiwemo. Ndiyo maana nasema afadhali upoteze mauzo ya leo kwa kumwambia mtu "hii haitaingia kwako, boss". Mtu uliyemwambia hivyo ukweli huwa haendi mbali. Akipata gari nyingine, namba yako anayo.

Unauza nini, na swali gani moja unamuuliza mteja kabla hajalipa? Andika hapo chini tujifunze wote.