Nani Akae Kati Yao?



Juma hili mazungumzo yetu yaelekea bara, Navakholo, katika kaunti ya Kakamega. Jina hilo huenda likawa geni masikioni mwa baadhi ya wasomaji wetu wa Pwani, lakini Navakholo si mbali na Mumias, mji uliofikiwa na Uislamu katika karne ya 19 kwa njia ya misafara ya wafanyabiashara waliotoka huku kwetu, zama za Manabongo wa Wanga. Hata leo wapo mabinti wa Pwani walioolewa pande hizo, na wapo walimu na watumishi wa serikali waliopelekwa huko kikazi pamoja na jamaa zao. Mwanamke ahamiapo mahali kama hapo, jambo la mwanzo ambalo majirani humwalika ni kikundi cha kina mama; kile tukiitacho mchezo, na wengine upatu.

Natuchukue mfano wa kikundi cha wanawake 20. Kila juma kila mmoja hutoa shilingi 200, zikapatikana 4,000 za kumpa mwenye zamu. (Kuhusu vikundi vinavyokopeshana kwa nyongeza, hukumu ya riba yajulikana, na leo hatuingii humo.) Mwezi wa tatu wanawake wanne wakashindwa kutoa kwa majuma mawili mfululizo. Mwenye zamu akapokea 3,200. Kikaoni hakusema neno. Alisema kisimani, akasema sokoni, na usiku ule binti yake akaandika maneno mawili matatu katika kundi la WhatsApp. Juma halikwisha ila swali limegeuka: haliulizwi tena ni nani hakutoa, laulizwa mweka hazina amezificha wapi zile 800.

Mtu wa mbali angedhani hapa pana mwizi. Mwenye kuijua Navakholo angeuliza kwanza habari za miwa. Huko muwa ndio fedha ya nyumba nyingi, nao hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi, ndipo ukatwe. Ukishakatwa, malipo hungojwa. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga mwaka 1973 na kulisha eneo zima, kilifikia hali ya kudaiwa na wakulima malipo ya miaka, hata mwaka 2019 benki iliyokidai ikaweka msimamizi wake pale. Tena mara nyingi mkataba wa miwa huandikwa kwa jina la mwenye shamba, yaani mume. Mkewe husikia habari ya malipo kama jirani yeyote asikiavyo. Basi mwanamke asiyetoa shilingi 200 huenda si mkaidi wala hana dharau. Huenda anaona haya kutamka mbele ya wenziwe 19 kwamba fedha za muwa zimetoka na yeye hakuonyeshwa hata senti.

Mwenyekiti mwenye busara asingeitisha kikao siku ya pili yake kuuliza nani mwongo. Angekwenda kwa wale wanne, mmoja mmoja, nyumbani kwao, akawauliza jambo jepesi: je, mna uzito gani? Kisha angekaa na mweka hazina na daftari. Kisha kwa aliyepunjika, kwani yeye ndiye mwenye dhara ya wazi, na mara nyingi ndiye husahaulika watu wakishaanza kutafuta mwizi. Sura ya Al-Hujurat imetufundisha kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na katika sura hiyo hiyo tumekatazwa dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Nadhani ni sura inayopaswa kusomwa upya na kila anayeshika simu yenye kundi la watu ishirini.

Lakini kuna pahali ambapo hata mwenyekiti mwema hukwama. Huenda mweka hazina ni wifi yake. Huenda aliyepunjika ni hasimu wake wa uchaguzi uliopita. Atakalosema, upande mmoja utasema amependelea. Hapo lazima aulizwe mtu mwingine akae kati, na swali la nani akae kati lina mfano bora hapa hapa Kenya, nao uliletwa na wanawake wa Kiislamu.

Mwaka 1992, baada ya ukame mkali ulioua mifugo, koo za Wajir ziliingia katika vita. Wanawake wachache, miongoni mwao mwalimu Dekha Ibrahim Abdi, walianza kuzungumza wao kwa wao, na inasimuliwa kuwa mazungumzo ya mwanzo yalikuwa arusini. Hawakuanza na wazee wala na serikali. Walianza sokoni, maana huko ndiko wanawake wa ukoo mmoja walikokuwa wakikataa kumuuzia au kununua kwa mwanamke wa ukoo mwingine. Walikwenda wakasema na wauzaji, wakaweka watu wa kuangalia soko na mahali pa kupeleka malalamiko, hata ikawezekana mwanamke kununua maziwa bila kuulizwa ukoo wake. Tuzingatie: hawakuwataka watu wasamehe waliouawa. Waliwataka wauziane maziwa.

Soko lilipotulia ndipo walipowaendea wazee. Wazee wa koo kubwa wasingekubali kuongozwa na mmoja wao, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lake. Kiti cha kikao kikapewa mzee wa ukoo mdogo, ambao haukuwa na ardhi ya kushindania wala idadi ya kuogopewa. Kutokana na vikao hivyo ilipatikana Septemba 1993 ahadi iliyoitwa Azimio la Al-Fatah. Dekha Ibrahim akaendelea na kazi ya sulhu nchini na nje, mwaka 2007 akapewa Tuzo ya Right Livelihood huko Sweden, na akafariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Turudi Navakholo na wale wanawake 20. Wengi wa wenyeji wa huko ni Wakristo. Katika kikundi kama hicho Waislamu huenda wakawa watatu. Nimesikia mara nyingi wanawake wetu walio katika hali hiyo wakisema: sisi ni wachache, mambo yao tuwaachie wenyewe. Heshima hiyo ni nzuri, lakini Wajir imeonyesha upande wake wa pili. Mtu asiye na shangazi wala mkwe katika ugomvi ndiye anayeweza kusikilizwa na wote. Uchache ambao siku nyingine humnyamazisha, siku hiyo ndio humpa kiti.

Kwa sharti, bila shaka. Asijipeleke, aombwe na pande zote mbili, na wote wamtaje wao wenyewe. Asikae peke yake ikiwezekana. Tunaijua njia ya Sura An-Nisaa katika ugomvi wa mume na mke, kwamba hutafutwa mwamuzi kutoka kwa jamaa za huyu na mwamuzi kutoka kwa jamaa za yule. Hekima yake, kwamba kila upande uwe na mtu unayemwamini ndani ya chumba, yafaa hata kwa mambo ya fedha. Na asikubali kuambiwa siri ambayo upande wa pili hauwezi kuijibu. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu penye wengi pana mengi, na kila mmoja atataka kumnong'oneza.

Asikilize pia namna ya kusema. Tukumbuke Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Masahaba walihuzunishwa na masharti ya mkataba, wakaamrishwa wachinje na wanyoe, na hakuna aliyenyanyuka. Mtume (S.A.W.) aliingia kwa mkewe Ummu Salama akamweleza. Shauri lake lilikuwa atoke, asiseme na mtu yeyote, achinje mnyama wake na anyolewe. Alipofanya hivyo wakanyanyuka wote. Viongozi wengi wa vikundi vyetu, amri isipotiiwa, huirudia kwa sauti ya juu zaidi. Mwenyekiti wa Navakholo aliye na shilingi 200 za kuanzia angeziweka mezani mwenyewe kuelekea zile 800 za aliyepunjika, kabla ya kumhimiza mtu yeyote.

Baki ni mambo ya karatasi, na hayo hayahitaji maneno mengi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na katiba yake. Andikeni humo, mapema, wakati nyote mnacheka, kwamba ugomvi ukizuka utasikilizwa na nani, ndani ya siku ngapi, na kwamba jambo la fedha halitajadiliwa katika kundi la simu kabla ya kikao. Andikeni pia kwamba mwanachama aliyekwama anaweza kumwambia mweka hazina peke yake, na zamu yake ikasogezwa nyuma badala ya jina lake kusomwa. Mahali panapongojwa miwa, kifungu hicho kitatumika kila mwaka.