Ujasusi wetu wanauandika wageni, sisi tumebaki na Willy Gamba



Leo tuongee kitu ambacho hapa kitaa watu wakikisikia wanashusha sauti: usalama wa taifa. Msiogope, sina siri ya mtu. Ninachotaka kuongelea ni MAANDISHI. Yaani vitabu na majarida ya kisomi yanayochambua kazi ya ujasusi. Nani anayaandika? Nani anayasoma? Na kwa nini mimi na wewe hatumo?

Kwanza mjue kwamba huko kwa wenzetu hii ni fani kamili kama historia au sheria. Mwaka 1955 CIA walianzisha jarida lao la ndani, Studies in Intelligence. Aliyelipigania ni Sherman Kent, profesa wa historia. Hoja yake ilikuwa rahisi tu: kazi isiyo na maandishi haikui, maana kila kizazi kinaanza upya. Leo makala nyingi za jarida hilo ambazo si za siri ziko wazi kwenye mtandao wa CIA wenyewe. Mwaka 1986 likaja jarida la Intelligence and National Security, likianzishwa na Christopher Andrew na Michael Handel. Hapo sasa vyuo vikuu vikaingia rasmi. Unaandika makala, wasomi wenzako wanaipitia na kukubana umetoa wapi habari, ukishindwa kuonyesha inarudi.

Afrika tulikuwa wapi? Kwa miaka mingi tulikuwa pembeni. Juzi juzi tu, mwaka 2021, Ryan Shaffer akahariri kitabu kuhusu idara za ujasusi za Afrika, na 2023 akatoa kingine kikubwa zaidi. Kuhusu Tanzania, mwaka 2021 George Roberts alitoa kitabu kuhusu Dar es Salaam ya 1961 mpaka 1974, enzi wapigania uhuru, mabalozi na mashushushu walikuwa wanapishana kwenye hoteli zile zile. Mwaka huo huo James Brennan akachapisha makala ndefu kuhusu maisha ya siri ya Dennis Phombeah, mwanaharakati wa enzi za kudai uhuru.

Angalieni majina hayo vizuri. Shaffer, Roberts, Brennan. Hakuna Mollel, hakuna Massawe, hakuna Juma. Sisemi wamekosea, kazi yao ni nzuri na nawashukuru. Nauliza tu: SISI TUKO WAPI?

Sisi tuna Willy Gamba. Elvis Musiba alitupa Kufa na Kupona, Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango, na machalii wengi wa Chuga wanachojua kuhusu ushushushu kimetoka humo. Baadaye Yericko Nyerere akaandika Ujasusi wa Kidola na Kiuchumi, na Evarist Chahali, aliyewahi kufanya kazi kwenye idara, akaandika kitabu cha kueleza shushushu ni nani. Hawa nawapa heko, wameandika kwa Kiswahili. Lakini riwaya ni riwaya, na kitabu cha mtu mmoja akieleza anachokijua siyo sawa na utafiti uliokaguliwa na wasomi wengine. Tunavihitaji vyote.

Kwa nini hatuandiki? Mimi naona sababu tatu.

Moja, nyaraka. Mtu anayetafiti Zanzibar ya 1964 anaenda Berlin, maana Ujerumani Mashariki ndiyo iliyosaidia kuunda usalama kule baada ya Mapinduzi. Markus Wolf, bosi wa majasusi wao, alifika Zanzibar mwaka huo na akaja kuyasimulia kwenye kitabu chake cha 1997. Nyaraka zao zilifunguliwa baada ya nchi ile kufa. Sisi sheria yetu ya kumbukumbu ya 2002 imeweka miaka 30 ndipo jalada la serikali lifunguke. Za 1964 zina zaidi ya miaka 60! Lakini jalada likiwa na harufu ya usalama, linaweza kuendelea kufungwa.

Mbili, woga. Kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, kuna ya Idara ya 1996 iliyorekebishwa 2023, na hata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaruhusu taarifa za usalama kuzuiwa. Mwanafunzi wa chuo akiangalia hayo yote anachagua utafiti wa kilimo cha vitunguu. Simlaumu.

Tatu, bei na lugha. Makala moja ya jarida la kule unaweza kuuziwa zaidi ya dola 40. Hiyo kwa mtu wa kuungaunga kama mimi ni chakula cha siku nyingi. Vyuo vyetu vinaweza kupata majarida mengi bure au kwa bei ndogo kupitia mpango wa Research4Life, ila mimi niliyeishia form four sina kadi ya chuo. Na ukiipata, ni Kiingereza kizito. Afadhali kitabu cha Roberts kiko bure mtandaoni.

Sasa mtu atasema, we kijana hayo yanakuhusu nini?

Yanatuhusu sana, hasa sisi wa Arusha. Januari 1994 mtoa habari mmoja kule Kigali aliwaambia askari wa Umoja wa Mataifa kwamba silaha zimefichwa na mauaji yanaandaliwa. Jenerali Dallaire akatuma ujumbe New York tarehe 11 Januari akitaka kwenda kuzikamata. Akakataliwa. Aprili yake watu wakaanza kuuawa, karibu laki nane. Januari 2004 Dallaire alikuja kutoa ushahidi hapa hapa mjini, kwenye mahakama ya Rwanda pale AICC. Kumbukumbu za mahakama ile leo ziko Lakilaki. Nyingine ziko wazi, nyingine zimefungwa kulinda mashahidi, na utaratibu upo. Kumbe inawezekana!

Mfano mwingine ni Kenya. Mwaka 2011 Waingereza walikiri kuficha maelfu ya majalada ya makoloni yao. Yalitoka kwa sababu wazee wa Mau Mau walikwenda mahakamani na wanahistoria wakasimama nao kama mashahidi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Uchunguzi wa wasomi uliwasaidia wazee kupata haki yao.

Na hapa nyumbani? Azory Gwanda, mwandishi, alipotea Kibiti Novemba 2017. Septemba 2024 Ali Kibao alishushwa kwenye basi, akakutwa ameuawa, na Rais akaagiza uchunguzi. Sisemi nani kafanya, sijui. Ninachosema ni kwamba mambo kama haya yakitokea, mtaani tunabaki na neno moja tu, "wasiojulikana". Hivi wangapi wanajua kwamba sheria ya 1996 ilipotungwa, kifungu cha 5 kilisema si kazi ya Idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu amepinga serikali kwa njia halali? Hilo lilikuwa limeandikwa. Nani alitufundisha?

Kuna wanaosema siri za nchi si za kuchezea. Nakubali kabisa. Operesheni ya leo ibaki siri, majina ya maofisa yabaki siri. Ila MI5 walimfungulia milango Profesa Andrew, akaandika historia yao, ikatoka 2009, na Uingereza haijaanguka. Kenya wana chuo kikuu kizima cha ujasusi na utafiti, NIRU. Sisi tuanze na ya zamani: majalada ya miaka ya 60 na 70 yapitiwe, yanayofunguka yafunguke. Vyuo vyetu viwe na jarida moja tu la usalama, kwa KISWAHILI, lisomeke bure. Wazee waliotumikia idara enzi za Mwalimu wanaondoka mmoja mmoja, na wakishazikwa hatutakuwa na wa kumuuliza.

Naomba kutoa hoja. Walio vyuoni, walio ughaibuni, na hata nyie mnaosoma kimya kimya na kazi zenu mnazijua, karibuni hapo chini. Matusi sitayapitisha.