Amri Isiyotekelezwa Haimlindi Mnyonge



Wapo wanaotuambia kwamba sheria ikiisha kutungwa na tume ikiisha kuundwa, haki imekwisha kupatikana. Sisi tunakataa. Yaliyowapata wakulima wa Marekani ni ushahidi wetu.

Mwaka 1887 Bunge la nchi hiyo liliunda tume ya kusimamia kampuni za reli, kwa kuwa nauli za mizigo zilitozwa kwa upendeleo: mteja mkubwa alipunguziwa, mdogo alikamuliwa. Sheria iliagiza nauli ziwe za haki. Lakini kampuni ilipokaidi amri, tume ndiyo iliyopaswa kwenda mahakamani kuomba itiliwe nguvu. Huko kampuni zilitoa ushahidi ambao zilikuwa zimeificha tume, na shauri likaanza upya. Miaka ikapita, mkulima akaendelea kulipa. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba tume haikupewa mamlaka ya kupanga nauli. Katika kesi 16 zilizofika mahakama hiyo hadi mwaka 1905, kampuni zilishinda 15.

Sheria ya Hepburn ya mwaka 1906 ndiyo iliyouhamisha mzigo. Tume ilipewa mamlaka ya kuweka kikomo cha nauli. Amri yake ikawa ya lazima tangu siku iliyotajwa. Kampuni kaidi ikatozwa dola 5,000 kwa kila kosa, na kila siku ya ukaidi ikahesabiwa kosa jipya. Tangu hapo asiyeridhika ndiye aliyepaswa kukimbilia mahakamani.

Watajibu kwamba mwenye mali naye ana haki ya kusikilizwa na hakimu. Ni kweli, wala hatuombi mlango wa mahakama ufungwe. Tunachokataa ni rufani kugeuzwa maficho, huku mnyonge akilipa gharama ya kungoja. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, kwamba serikali inapolinda haki za watu iwaangalie kwa namna ya pekee wanyonge na maskini.

Basi, viongozi walei, mletewapo uamuzi wa baraza au tume yoyote, msishangilie upesi. Ulizeni: Utaanza kutekelezwa lini? Mkaidi ataadhibiwaje? Wakati wa rufani, hasara anaibeba nani? Mjane wa Injili hakuchoka kumwendea kadhi dhalimu (Lk 18:1-8). Nasi tusichoke, lakini tudai pia sheria zisizomlazimisha mjane kubisha hodi maisha yake yote.